Joginder Singh, Kalasinga Aliyeshinda kwa Gari la Mkono wa Pili

Mmezoea kuniona katika ukurasa huu nikiwasimulia habari za washairi, masharifu na manahodha, watu wa kwetu waliolala makaburini kwetu. Leo nitawahadithia fundi wa magari, tena Kalasinga, tena mzaliwa wa bara. Nina sababu, na sababu yenyewe ni dada yangu.

Dada alinipigia simu usiku, baada ya Isha, sauti imemkauka. Mwanawe, mpwa wangu, anafanya kazi Athi River na amepanga chumba Kitengela. Kijana huyo alinunua gari la Kijapani la kukimbia, lile la injini yenye tabo, linalonguruma asubuhi hata jirani akosaye saa akaamka. Katika miezi kumi na minne injini hiyo ilikuwa imekwisha funguliwa mara tatu. Sasa kijana anataka kununua injini nzima, na fedha hana. Alichomwomba mamake ni auze fungu lake katika nyumba ya Mji wa Kale aliyotuachia marehemu baba. Mnunuzi amepatikana, karatasi zi kwa wakili, na lililobaki ni kutia sahihi. Dada aliniambia nende nikaone kwa macho yangu, kisha nimwambie atie sahihi au asitie.

Msomaji wa pwani haambiwi nyumba ya Mji wa Kale ni nini. Ikishatoka mkononi haina kurudi.

Basi nilipanda treni nikashuka Athi River, nikachukua matatu hadi Kitengela. Wasiofika huko waelewe kwamba ni mji ulioota ghafula kando ya barabara ya Namanga, kusini mwa mbuga ya Nairobi, mahali ambapo nyumbu walikuwa wakipita makundi kwa makundi na ambapo leo kuna nyua za waya, maduka ya vifaa vya ujenzi na gereji zisizo idadi. Jua likiwaka kuna vumbi linaloingia hata ndani ya saa ya mkononi. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi hugeuka ulimbo, ukanasa gurudumu, kiatu na punda.

Gari nililikuta limeinuliwa juu ya mawe. Mpwa wangu alinieleza historia yake kama mtu anayeeleza maradhi ya mzazi. Mara ya kwanza injini iligonga, beringi za kranki zimesagika. Zikatiwa mpya. Baada ya wiki kadhaa ikagonga tena. Zikatiwa nyingine, na kranki ikachongwa. Mara ya tatu ikaletwa nusu ya chini ya injini nyingine, iliyotumika, nayo haikumaliza miezi miwili. Kila fundi alimlaumu aliyemtangulia. Kwenye kioo cha ndani ilining'inia hirizi, maana kijana alikwisha amini kwamba ni kijicho cha wenzake kazini. Mimi niliyesomeshwa chuoni kwa bakora sikuipenda hirizi ile, lakini nilinyamaza; nilikuwa mgeni.

Mtu mmoja pale alitushauri tulivute gari hadi Kajiado, kama kilomita 50 kusini, kuna mzee mmoja. Tukalivuta. Mzee yule, ambaye jina lake halinihusu kulitangaza, alijifunza kazi ujanani kwa Makalasinga wa Grogan Road ya Nairobi, ambayo sasa ni Kirinyaga Road. Katika ukuta wa banda lake kuna picha moja tu, imekatwa gazetini na kugeuka rangi ya chai: mtu mwenye ndevu na kilemba, amesimama kando ya gari, anacheka. Nilimtambua papo hapo.

Nilikuwa mtoto wa miaka sita Pasaka ya 1976. Mwalimu wetu wa chuo, mtu mkali asiyejua mzaha, alikuwa na redio ndogo, na siku zile alitufungulia mapema kwa sababu alitaka kusikiliza Safari. Watu wazima barazani walikuwa wamegawanyika, huyu Peugeot, huyu Datsun, lakini jina lililotajwa zaidi ya yote lilikuwa Joginder. Sikujua gari lake lafananaje. Nilijua tu kwamba mwalimu wangu, Mwislamu wa kweli, alimwombea Kalasinga gari lisimfie njiani.

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Babake, Battan Singh, alitoka Punjab akaja Afrika ya Mashariki, akafungua gereji huko kwenye mashamba ya chai. Wazee wa jamii hiyo wengi walishukia kwetu Mombasa, maana reli ilianza kujengwa hapa mwaka wa 1896, na mafundi wa chuma, wa mbao na wa mawe waliletwa kutoka Bara Hindi kwa majahazi na meli. Jina lenyewe la Kalasinga, inasimuliwa, lilitokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani aitwaye Kala Singh aliyefanya biashara na Wamasai, kisha likawavaa wote. Na msafiri yeyote wa njia ya Nairobi anaijua nyumba yao ya ibada pale Makindu, iliyojengwa mwaka wa 1926 na wafanyakazi wa reli, ambapo hulishwa kila apitaye, wa dini yoyote, bila ya kulipa. Chakula chao hapo hakina nyama, kwa hivyo hata sisi twala bila ya kuuliza nani kachinja. Nimekula hapo mara nyingi na sijaulizwa nilikotoka.

Turudi kwa mtu wetu. Joginder hakutoka chuo kikuu chochote cha uhandisi. Shule yake ya ufundi ilikuwa gereji ya babake, mtoto akishika spana, akiosha pistoni, akijifunza kwa masikio kabla ya macho. Baadaye alipata kazi na chama cha wenye magari cha Afrika ya Mashariki, kazi ya kuzunguka njiani na kuwasaidia waliokwama. Nataka mwishike habari hiyo. Kabla ya kuwa mwendesha magari ya mashindano, alikuwa mtu wa kuyafufua magari ya wengine kando ya njia, mvuani, bila karakana na bila spea za kutosha. Aliona jinsi gari linavyokufa, na muhimu zaidi, aliona limekufa kwa nini.

Safari yenyewe ilianzishwa mwaka wa 1953, wakati wa kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi ilifanywa Pasaka, na Pasaka huku ni masika. Wazungu wa Ulaya waliokuja na magari yao ya sifa walikuta njia ambazo asubuhi ni vumbi na alasiri ni mto. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 tena yakamaliza 7. Mtu asidhani basi kwamba yalikuwa mashindano ya kukimbia. Yalikuwa mashindano ya kutovunjika.

Joginder aliingia kwa mara ya kwanza mwaka wa 1959, ana miaka 27. Kwa miaka kadhaa hakushinda, na hilo si ajabu, maana washindani wengine walikuwa na viwanda nyuma yao. Kisha mwaka wa 1964 kiwanda cha Volvo cha Sweden kilileta magari yake, yale ya PV544 yenye mgongo wa kobe. Hayakupata kiwanda kilichoyafuata; ushindi wa mwaka ule ulichukuliwa na Ford Cortina ya Peter Hughes. Moja katika Volvo zile likabaki Kenya, limechoka, limekwisha pigwa na njia zetu. Joginder akalinunua.

Hapa ndipo mzee wa Kajiado alipoweka spana chini akanitazama. Kwake yeye, hii ndiyo hadithi nzima, na mengine ni nyongeza. Fikirini: mtu anachukua gari ambalo wenyewe walioliunda wameliona haliwezi, na badala ya kuuliza ni gari gani jipya litafaa, anauliza hili lilishindwa wapi. Yeye na nduguye Jaswant walilitengeneza upya. Injini ile ya Volvo, ya lita 1.8, ilikuwa na sifa moja kubwa: kranki yake imelazwa juu ya beringi tano, wakati injini nyingi za siku zile za silinda nne zilitosheka na tatu. Chuma kilichoshikwa pahala patano hakipindiki upesi. Kwa hivyo moyo ulikuwa mzima, na kazi ilikuwa kuulinda: hewa iingiayo isiwe na vumbi, maji ya rejeta yasizibwe na matope, oili ifike kila pembe hata gari likienda upande upande.

Pasaka ya 1965 ndugu hao wawili waliondoka Nairobi na namba 1 ubavuni. Kutangulia kuna heri yake, maana hukuli vumbi la mwenzako, na kuna shari yake, maana wewe ndiwe wa kwanza kuujua mto umejaa kiasi gani. Waliporudi walikuwa wamemwacha wa pili zaidi ya saa moja na nusu. Katika mashindano ambayo watu hupishana kwa dakika, hiyo ni kama mtu amefika, ameoga, amekula na amelala kabla mgeni hajapiga hodi. Kenya ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi. Joginder akawa dereva wa kwanza asiyekuwa Mzungu kuishinda Safari, na gari lenyewe lilikuwa la mkono wa pili.

Naweza kuwaandikia kurasa juu ya majina aliyopewa. Wazungu walimwita Kalasinga Arukaye, wenyeji wakamwita Simba wa Kenya, na hilo la pili naliona ndilo lenye uzito, kwa kuwa halikutaja dini wala rangi, lilitaja nchi. Ilikuwa miaka ambayo Wahindi wengi hawakujua kama watabaki au watafungasha. Huyu, kila Pasaka, alikuwa wa watu wote kwa siku nne, barazani kwetu, vilabuni bara, na kwa Wamasai waliosimama na mikuki kando ya njia kutazama magari yakipita. Siku ya tano sijui ilikuwaje kwake. Magazeti hayaandiki siku ya tano.

Miaka tisa ilipita kabla ya ushindi wa pili. Alibadilisha magari, akakosa, akarudi. Mwaka wa 1974, ana umri wa miaka 42, aliingia na Mitsubishi Lancer ndogo, injini ya lita 1.6, msoma ramani wake akiwa David Doig. Mshindani aliyemtisha alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, ndani ya Porsche, gari lenye nguvu zaidi kwa mbali. Porsche ikawa ya pili. Mwaka wa 1976, Pasaka ile ya mwalimu wangu, Lancer zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ya kwanza ilikuwa ya Joginder. Hakuna aliyekuwa ameishinda Safari mara tatu kabla yake. Shekhar Mehta alikuja kumpita kwa kushinda mara tano, na Mehta alikuwa hodari wa pekee, lakini hilo ni la siku nyingine.

Hesabu ninayoipenda mimi si hizo tatu. Kuanzia 1959 hadi 1980 Joginder aliingia katika Safari mara 22, na akamaliza mara 19. Rudini kwenye ule mwaka wa magari 7 katika 84, kisha muiangalie tena namba hiyo. Kushinda kuna bahati ndani yake. Mvua ikinyesha nyuma yako na si mbele yako, umeshinda. Lakini kumaliza mara 19 katika 22 si bahati. Ni mtu ambaye, akisikia sauti ngeni chini ya miguu yake, hakuongeza mafuta ili asiisikie.

Alifia London tarehe 20 Oktoba 2013, ana miaka 81. Wakenya watakumbuka kwamba tarehe hiyo ndiyo Sikukuu ya Mashujaa. Siku hiyo nilikuwa zamu gazetini, na habari yake ilipofika nafasi ilikuwa imejaa hotuba. Tukamwandikia aya chache. Makala haya nilikuwa na deni nayo tangu siku ile.

Sasa, gari la mpwa wangu. Mzee wa Kajiado hakuigusa injini kwanza. Alimkalisha kijana juu ya debe, akamhoji kama kadhi: ilipofunguliwa mara ya kwanza, kipoza oili kilifanywa nini? Hakikufanywa kitu. Mara ya pili? Kilirudishwa kama kilivyo. Mara ya tatu, ilipoletwa nusu nyingine, tabo na mabomba yake yalitoka wapi? Yalihamishwa kutoka kwa ile iliyokufa. Basi mzee akakifungua kipoza oili, akakimimina ndani ya karai la mafuta ya taa, akatuita tuinamie. Chini ya karai palimeta kama magamba ya samaki mdogo. Ni chuma cha beringi za kwanza. Kila injini mpya iliyofungwa ilikuwa ikinyweshwa mabaki ya maiti aliyetangulia. Beringi mpya hukaa juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Chembe ikipita hapo hukwaruza, mkwaruzo huzaa joto, joto huzaa chembe nyingine, na baada ya wiki chache mlango unagongwa tena.

La pili lilikuwa chujio la hewa. Kijana alikuwa ameitoa ile ya kiwandani, akaweka ya mashindano, ya wazi, ipigayo mluzi, kwa kuwa aliambiwa inaongeza nguvu. Pengine inaongeza, huko kwenye lami ya Japani. Kitengela inanyonya vumbi na kulisugua kwenye ringi za pistoni kama msasa. Mzee aliishika kwa vidole viwili akaitupa juu ya paa la banda, ambako zilikuwako nyingine kama hizo.

Hakumuuzia injini. Alisema kranki yafaa kuchongwa mara moja zaidi, beringi za saizi inayofuata zapatikana, na gharama yake haifiki hata sehemu ndogo ya ile kijana aliyoitaka kwa mamake. Sharti lake lilikuwa moja: kila mfereji wa oili uoshwe na mwenye gari mwenyewe, kwa mikono yake, na kipoza oili kitupwe, kiwekwe kingine. Kwa siku mbili mpwa wangu, ambaye nyumbani hata kikombe chake huoshewa, alikaa juu ya debe lile na brashi ya waya na mafuta ya taa, akipuliza matundu kwa pampu, mzee akipita na kumulika kwa tochi na kumrudisha nyuma. Vidole vilimchubuka. Mimi nilikaa kivulini nikiandika makala haya, treni ya mizigo ya Magadi ikipita kwa mbali. Hirizi ilikuwa imetoka kwenye kioo. Sikuuliza nani kaitoa.

Siku ya nne iliwashwa. Mzee hakuruhusu ikanyagwe. Aliiacha ilie taratibu, akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma na upande wa mpini sikioni, akafumba macho, nasi tukasimama kimya. Kisha akampa kijana ile bisibisi, asikie mwenyewe. Akamwambia asivuke mwendo wa 80, na baada ya kilomita 1,000 arudi oili imwagwe ndani ya karai lile lile, itazamwe.

Tulirudi Kitengela jioni. Kijana aliendesha kama aliyebeba trei ya mayai. Tulipofika Isinya alisimamisha gari bila ya kuniambia, akashuka, akafungua boneti, akainama na ile bisibisi aliyopewa. Kundi la ng'ombe lilikuwa likivuka, na mchungaji akasimama kumtazama. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliporudi ndani hakusema kitu, akatia gia.

Nilimpigia dada simu kabla ya Magharibi. Nilimwambia amwendee wakili kesho asubuhi, akachukue karatasi zake.